Wajukuu zangu waende kituoni?

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni afisa ustawi wa jamii mstaafu, aliyefanya kazi Arusha na Moshi.*

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Nina miaka 63, naishi Pasua hapa Moshi, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Binti yangu alifariki mwaka juzi akaniachia wajukuu wawili. Wa kiume yuko darasa la tano, wa kike ana miaka minne. Baba yao yupo Arusha, ni fundi magari. Hakutoa mahari, na sasa ukoo wake unasema hao ni watoto wa nje, hata kihamba, shamba la ukoo, wasikitaje. Lakini wa kwanza alipobatizwa alisimama mbele ya kanisa kama baba, na baada ya msiba alinitumia hela kwenye simu mara mbili, akaandika “ya shule ya mtoto”. Kisha akanyamaza. Mwezi uliopita mjukuu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa chakula. Sasa amekuja mtu wa kituo cha yatima, amewapiga picha watoto na kuniachia karatasi niweke sahihi. Anasema huko watakula na kusoma vizuri. Majirani wanasema nikubali. Nifanyeje?
*Bibi wa wawili, Pasua*

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba wa binti yako.

Hiyo karatasi usiiwekee sahihi wala dole gumba. Ipeleke kama ilivyo kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Moshi, umwambie imefikaje mikononi mwako na kwamba watoto wamepigwa picha. Makao ya watoto, haya tunayoyaita vituo vya yatima, yanatakiwa yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto huingia kwa kupitia ustawi, baada ya hali ya familia kuchunguzwa. Mtu hapiti mtaani kuokota watoto kwa maneno matamu.

Yapo makao yanayolea vizuri watoto wasio na mtu kabisa, nami nayaheshimu. Wajukuu zako wana wewe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wanaomlea. Katika kazi yangu nimekaa na vijana waliotoka kituoni wakiwa na miaka 18, wana cheti kizuri na hawana pa kwenda Krismasi. Hawakujua shangazi yao anaitwa nani. Sitaki hilo liwapate wajukuu zako kwa sababu ya sahani ya makande ya shule.

Sasa tuje kwa baba yao. Barua yako ina ushahidi ambao huenda hukuujua kuwa ni ushahidi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 haiulizi kama mahari ilitolewa. Wajibu wa kumtunza mtoto unatokana na kuwa mzazi, basi. Anayeweza kuomba amri ya matunzo mahakamani si mama mzazi tu, hata ndugu anayeishi na mtoto anaruhusiwa, na afisa ustawi pia. Baba akikana, hakimu hutazama mambo kadhaa: jina lililoandikwa kwenye rejista ya vizazi, mila alizofanya baba kwa ajili ya mtoto, kama aliwahi kumtambua mtoto mbele za watu, na vipimo vya vinasaba. Kusimama kanisani siku ya ubatizo ni kumtambua mtoto mbele za watu. Nenda usharika ulikobatizia, uombe nakala ya cheti na uulize majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana hao ni mashahidi. Zile meseji za hela usizifute. Kama simu imechoka, nenda kwa wakala au kwenye ofisi ya mtandao wako ukaulizie taarifa ya miamala kabla hujaipoteza. Vipimo vya vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ombi la mamlaka, kama mahakama au ustawi, kwa hiyo asikudanganye mtu akakutoza hela mtaani. Yule mdogo hukumtajia ubatizo wala meseji. Kwake huenda vipimo ndivyo vitakavyosema.

Kwa kawaida ustawi huanza kwa kumwita baba mzungumze. Akikubali, makubaliano yaandikwe, atoe kiasi gani na tarehe ngapi. Ya mdomo yatakurudisha hapo hapo. Akigoma, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na hakimu atapima kipato chake na gharama za maisha mnakoishi. Kwa msaada wa kisheria usio na malipo, hapo Moshi kuna shirika la KWIECO, ambalo limesimama na wanawake wa Kilimanjaro tangu miaka ya 1980. Suala la kihamba nalo liulize huko huko. Watoto kwanza watambuliwe.

Shuleni, Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Chakula ni jambo la wazazi kukubaliana kwenye kikao, na mtoto wa asiye nacho haadhibiwi. Mwone mwalimu mkuu kwa upole, ukiwa na mtendaji wa mtaa. Mkishindwana, panda kwa afisa elimu kata.

Mjukuu wako mdogo yuko chini ya miaka mitano, na wewe umepita 60. Kwa sera, wote wawili mna msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Wewe uombe utambulisho wa mzee asiye na uwezo. Na wenzako wa Mbuyuni mkiunda kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 4 ni za wanawake. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Anza Jumatatu kwa mtendaji, upate barua ya utambulisho. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo cha mama yao, simu yako na ile karatasi. Yule mtu wa kituo akirudi kabla hujafika ustawi, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure mchana na usiku. Baba akishaitwa niandikie tena, unieleze amejibu nini.