Kabla hujaanza kugawa 4294967297

Nyie mlioanza nadharia ya namba mwaka huu, chukueni hii 4294967297 mkae nayo jioni moja. Ni 2 kipeo cha 32 ukajumlisha 1. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na msimcheke, wadogo zake waliojengwa hivyo hivyo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukajumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, wote ni tasa kweli.

Mi nilivyopewa mara ya kwanza nikakimbilia kalkuleta. Inaishia na 7 so 2 na 5 hazimo, jumla ya tarakimu ni 59 kwa hiyo 3 haimo, 7 inabakisha 5, nikaendelea kugonga hivyo hivyo mpaka vidole vikauma, kumbe kipeuo chake cha pili ni 65536 na kidogo, na namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake, maana yake kuna namba tasa 6542 za kujaribu. Utazeeka!

Mwanahisabati Euler alishaimaliza mwaka 1732, inagawanyika kwa 641. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima ukikigawa kwa 64 kibakishe 1. Hapo ndo patamu. Andika 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, futa zisizo tasa, unabaki na tano tu: 193, 257, 449, 577, 641. Unagawa mara tano na ya tano inatoa 6700417 bila baki. Hiyo nayo ni tasa ila msiniamini mimi, tumieni mtego uleule maana vigawo vyake ni vigawo vya namba yetu pia, kipeuo chake hakifiki 2589 kwa hiyo orodha nzima haizidi namba 40.

So kabla ya kugawa jiulize kwanza namba imejengwaje, vigawo vyake vinaruhusiwa kuwa na sura gani.

Na mnaopenda kuandika programu za kompyuta, sikieni yangu. Niliandika kaprogramu kwa lugha ya C ka kuipima namba hii, kakaniambia siyo tasa, nikatamba nako darasani siku mbili. Siku ya tatu mtu kaniuliza haya kigawo chake kipi, nikarudi kuangalia. Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa kompyuta, ilikuwa imetoa woningi (onyo) toka mwanzo sikuisoma, anisainidi inti ya biti 32, yaani aina ya namba nzima zisizo hasi niliyotumia, inaishia 4294967295, ukipita hapo inaanza upya toka sifuri. Nikaprinti n, ile namba niliyokuwa naipima, ikatoka 1.