Nimeigawa bure miaka mitatu, sasa naanzaje kutoza?

SWALI: Shikamoo Dada. Mimi ni mtunzi wa programu, nipo Arusha. Mwaka 2022 niliandika zana ndogo inayomwezesha mtunzi mwenzangu kujaribu malipo ya simu kwenye kompyuta yake kabla hajaunganisha na mitambo ya kampuni ya simu. Niliiweka GitHub, tovuti ambako watunzi huweka programu zao, bure, kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Leo inatumiwa na watu nisiowajua, na wachangiaji 11 wameiongezea mambo, mmoja yuko Kigali, mwingine Kisumu. Kampuni zinanipigia saa nne usiku niwasaidie, na hazilipi. Nataka niigeuze kuwa jukwaa la wavuti, mtu anajisajili na kulipa. Rafiki yangu anasema nifunge msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, kila mtu alipe. Moyo unasita. Nifanyeje, na nitoze kiasi gani?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Moyo wako uusikilize. Usifunge.

Mimi nimewahi kufunga. Mwaka 2013 nilikuwa na programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, ya kutuma ujumbe mfupi kwa wazazi wa wanafunzi, na shule kadhaa zikaipenda. Kodi ya ofisi iliponibana, nikachukua ripoti ya kila siku, ambayo ilikuwa bure tangu mwanzo, nikaanza kuilipisha. Mwezi haukuisha kabla kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia kurekebisha hitilafu hajachukua toleo la zamani, akalipa jina jingine, akaendelea nalo. Leseni ilimruhusu. Shule zilizoondoka nilizisahau upesi. Ninachojutia mpaka leo ni kwamba kijana yule alinitafsiria menyu nzima kwa Kiswahili bila kunidai senti, nami nilifunga bila kumwambia neno.

Wakubwa nao yamewafika. Agosti 2023 HashiCorp ya Marekani ilibadili leseni ya Terraform, zana inayotumika kuandaa seva kwa msimbo, ikaacha kuwa huria. Kabla Septemba haijaisha, toleo la mwisho lililokuwa huria lilishanakiliwa, likawa mradi mwingine uitwao OpenTofu, chini ya Linux Foundation, shirika lisilo la faida linalolea miradi huria.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda. Mwaka 2011, Kharkiv nchini Ukraine, Dmitriy Zaporozhets alikuwa akiishi kwenye nyumba isiyo na maji ya bomba. Kila siku alienda kuteka kisimani. Yeye mwenyewe alisema kukosa zana nzuri ya kushirikiana kazini kulimsumbua kuliko kukosa maji, ndipo akaanza kuandika GitLab, programu ya kuhifadhi msimbo na kushirikiana kuuandika, huria. Mwaka uliofuata Mholanzi Sid Sijbrandij akaiona, akamwandikia kwamba anataka kufungua GitLab.com, mahali ambapo watu wataitumia bila kuhangaika kuiweka kwenye seva zao. Angefanya hivyo bila kumlipa Dmitriy chochote. Dmitriy hakukasirika. Mwaka 2013 akaandika Twitter kwamba angependa kuifanyia kazi GitLab muda wote, na Sid akamwajiri. Mwaka huohuo mashirika makubwa yakaanza kuomba mambo ambayo mtu mmoja mmoja hayahitaji, na hayo ndiyo yakawa toleo la kulipia. Oktoba 2021 hisa zao zikaingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Na waliandika ahadi: kilichokwisha kuwa huria hakitahamishwa kwenda kwenye malipo. Nenda kaandike ahadi yako leo, uiweke kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi, kabla hujatangaza bei.

Utauza nini basi, kama msimbo uko wazi? Utauza ile simu ya saa nne usiku. Anayejua kuendesha seva aichukue zana bure, aamke mwenyewe ikigoma. Asiyetaka kuamka akulipe uamke wewe. Na uwe tayari kuamka kwelikweli. Usiku wa Januari 31, 2017, mfanyakazi wa GitLab aliyekuwa akihangaika na hifadhidata iliyozidiwa alifuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala za akiba, hakuna iliyowafaa saa ile. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, na kazi za wateja za saa hizo sita zikapotea. Waliyaeleza yote hadharani, hata kazi ya kuokoa data wakairusha moja kwa moja YouTube. Kwa hiyo kabla hujapokea mteja wa kwanza, chukua nakala yako ya akiba uirudishe kwenye kompyuta tupu, uone kama inafunguka. Rudia kila mwezi. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Kuna jambo hukuliuliza, nami linanipa wasiwasi zaidi ya bei. Leo zana inakaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, na namba za simu anazojaribia zinabaki kwake. Ukifungua jukwaa, namba hizo zitalala kwako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili. Fanya hivyo mapema. Na ikiwezekana, jukwaa litumie namba za kubuni tu, zile halisi lizikatae.

Bei. Mwezi huu mzima andika kila saa unayoipoteza kwa ajili ya kampuni hizo, pamoja na gharama ya seva. Saa hizo zigeuze kuwa shilingi, ujumlishe yote, kisha ugawanye kwa kampuni tano unazoamini zitalipa, na usishuke chini ya hapo. Mtunzi anayefanya kazi peke yake mwache bure. Kampuni ya Docker, inayotengeneza zana za watunzi, ilichora mstari wake Agosti 2021: programu yao ya Docker Desktop ikawa ya kulipia kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Wewe chora wako pale zana inapotumiwa na timu. Kampuni zetu nyingi haziwezi kukatwa kila mwezi kwenye kadi. Zitataka ankara ya mwaka na risiti ya EFD, kwa hiyo BRELA kwa usajili wa biashara na TRA kwa kodi uwe umeshapita.

Leseni ya MIT inakuruhusu kuuza huduma hii, mradi tamko la hakimiliki na leseni vibaki. Inamruhusu pia mwenye mtaji mkubwa kufungua jukwaa kama lako. Ukiogopa hilo, msimbo mpya unaweza kuutoa kwa AGPL, leseni huria yenye masharti makali zaidi, kama walivyofanya mwaka 2020 Plausible, wenye zana ya kuhesabu wanaotembelea tovuti. Hapo anayeubadilisha na kuwahudumia watu kupitia mtandao analazimika kuwapa msimbo wake.

Lakini kazi ya wale 11 ni mali yao. Waandikie mmoja mmoja wiki hii, uwaeleze unachokusudia, uwaulize wanaonaje, na uwaahidi majina yao yatakaa kwenye jukwaa. Wa Kigali na wa Kisumu wapate habari hii kutoka kwako kabla hawajaiona kwenye ukurasa wa bei. Wakishakujibu, niandikie tena.