Maswali yenu kuhusu Wamuong

Baada ya makala ya Wamuong wa kaskazini mwa Vietnam, maswali yamefurika. Nimechagua haya.

Wamuong ndio Wahmong?
Hapana, na hili tumeshalijibu. Wahmong ni kabila jingine, wana lugha ya ukoo mwingine kabisa, na wazee wao walishuka kutoka China. Soma jina hadi mwisho kabla ya kutuma swali.

Ni kweli Wamuong ni Wavietnam wa kale waliobaki vilevile?
Si kweli, na ningeomba msemo huu uachwe. Chimbuko la lugha zao ni moja, hilo halina ubishi: tatu kwa Kivietnam ni "ba", kwa Kimuong "pa", maji ni "nước" huku, "đác" kule. China ilitawala bonde la Mto Mwekundu, kwa vipindi virefu, tangu mwaka 111 K.K. hadi 938 B.K. Watu wa tambarare, wazee wa Wavietnam, wakazama zaidi katika maandishi na desturi za Kichina; wa milimani, wazee wa Wamuong, wakaguswa kidogo. Lakini ndugu wawili wakiachana, aliyebaki kijijini hageuki kuwa babu wa aliyekwenda mjini. Wamuong nao walibadilika. Waliishi jirani na Wathai wa milimani, kabila la Vietnam na si watu wa Thailand, wakafanana nao katika mambo mengi. Mabonde yao yalikuwa na watawala wa kurithi, lang, wa koo kama Đinh, Quách, Bạch na Hà, huku wakulima wa kawaida wengi wakiitwa Bùi. Lang ndiye aliyegawa mashamba ya mpunga, na mkulima akamfanyia kazi. Mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1950 yakaufuta utaratibu huo. Watu waliopitia yote hayo, na ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.4, unawaitaje mabaki?

Wenyewe wanasema walitoka wapi?
Afadhali umeuliza wao wanasemaje. Jibu limo katika utenzi wao mkubwa, Đẻ đất đẻ nước, yaani kuzaliwa kwa ardhi na maji. Humo binadamu wanaanguliwa kutoka mayai, Wamuong pamoja na makabila jirani, kiota kimoja. Utenzi huu ni sehemu ya maombolezo: mganga wa ibada, ông mo, huughani usiku mbele ya maiti, akiisimulia roho ulimwengu ulivyoanza kabla haijaondoka. Zamani mazishi ya mkubwa yalichukua usiku mwingi. Siku hizi yanafupishwa, na beti zisizoghaniwa husahaulika. Nani atamlipa kijana miaka ya kuzikariri? Hilo ndilo la kuhangaikia.

Pato zao, zile sahani za shaba za kupigwa kama ala ya muziki, ndizo zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2005?
Hapana, hizo ni za Nyanda za Juu za Kati, mbali kusini. Za Wamuong hupigwa zaidi na wanawake, wakipita nyumba kwa nyumba mwaka mpya. Ukipigiwa hotelini baada ya chakula cha jioni, hayo ni maonyesho tu.

Nataka kununua sketi ya Kimuong. Nitajuaje ni halisi?
Sketi yenyewe ni nyeusi, haina mengi. Thamani iko kwenye ukanda mpana wa juu, wenye joka, ndege na kulungu. Ugeuze ndani. Uliofumwa kwa mkono utaona nyuzi zikivuka nyuma ya kila umbo; uliochapwa kiwandani, upande wa pili umepauka. Na ukimpata mfumaji, usimpunguzie bei.