Kabla ya kuficha msimbo, jifunze kuvunja mafumbo

Vijana wanaoandika programu hapa Lamu huniuliza sana jinsi ya kuficha msimbo wao usichunguliwe. Mimi huwaambia wajifunze kwanza kuvunja. Ukishavunja fumbo la mwenzio, utajua lipi lako halifichiki.

Anzeni na karatasi. Mmoja achukue aya ya Kiswahili, abadilishe kila herufi kwa nyingine, ampe mwenzake. Huyo ahesabu: herufi inayojirudia kupita zote karibu kila mara ni "a". Kisha aangalie miisho ya maneno, maana Kiswahili hakipendi kumaliza neno bila irabu. Aje kwenye vijineno vya herufi mbili: na, ya, wa, ni. Akipata viwili, aya nzima inaanza kulegea. Mbinu hii ya kuhesabu herufi aliiandika mwanachuoni al-Kindi huko Baghdad katika karne ya 9, na leo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Baada ya hapo hutatamani tena kujitungia usimbaji wako, yaani njia yako ya kuficha ujumbe. Utatumia AES, njia ya usimbaji ambayo kila mtu anaweza kusoma inavyofanya kazi tangu Marekani ilipoipitisha mwaka 2001, na bado haijavunjika. Siri yake yote imo kwenye ufunguo, kama alivyotaka mtaalamu wa mafumbo Auguste Kerckhoffs mwaka 1883.

Tuje kwenye kuvuruga msimbo, yaani kuugeuza ili usisomeke kirahisi. Mwenye boti za Mokowe aliniletea programu ya tiketi aliyotengenezewa, akaniomba niikague. APK, yaani faili la programu ya Android, ni faili la zip tu. Nikaifungua kwa jadx, zana inayorudisha APK kuwa msimbo unaosomeka. Majina ya klasi yalikuwa a, b, c, aa, kazi ya R8, zana inayofupisha majina na kupunguza msimbo, na kweli yanachosha macho. Lakini R8 haigusi maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu. Nikatafuta "https", nikapata anwani ya seva, na chini yake mstari mrefu wa herufi ulioishia na "==". Hiyo ni Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida tu, na Base64 haina ufunguo wowote; yeyote huifungua. Ndani yake ulikaa ufunguo wa siri wa malipo!

Kuvuruga ni kama kinyume cha watoto, "nyumba" ikageuka "mbanyu": mgeni hutoa macho, lakini akikaa barazani jioni mbili tatu ataanza kujibu. Sisemi usivuruge. Washa R8, hata programu itapungua uzito, na bando lenyewe ghali. Ila bei, uhakiki wa tiketi na funguo za malipo viweke kwenye seva; programu iulize, seva iamue. Ufunguo uliokwisha kutoka ubadilishwe siku hiyo hiyo. Kuufuta kwenye toleo jipya hakusaidii, maana la zamani limo kwenye simu za watu.

Mazoezi haya yafanyie programu yako, au ya mtu aliyekuruhusu. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao haina mzaha. Na kabla hujatoa toleo lolote, lifungue mwenyewe kwa jadx utafute "key", "secret", "password" na "==".