"Mimi ni binadamu"? Hapana, ni mwanamume

Ulitafsiri "I AM A MAN", maneno ya mabango kwenye picha ya mgomo wa Memphis, mji wa kusini mwa Marekani, kuwa "mimi ni binadamu". Hapana, hayakusema hivyo. Yanasema "mimi ni mwanamume", na neno "ni" ("AM") limepigiwa mstari. Kusini mwa Marekani mwanamume mweusi aliitwa "boi", yaani mvulana, hata akiwa na mvi. Wazee wetu wanalijua hilo: enzi za mkoloni mtu mwenye wajukuu alikuwa boi wa bwana fulani. Bila kujua hivyo, unaona tu watu wamepanga foleni na makaratasi.

Waliobeba mabango hayo ni wazoa taka wa manispaa, kama 1,300, waliogoma Februari 1968 baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka walipojikinga mvua humo. Picha hiyo maarufu ilipigwa na Ernest Withers, Machi 28, nje ya kanisa la Clayborn Temple. Wiki moja baadaye, Aprili 4, Martin Luther King, aliyekuja mjini humo kwa ajili ya mgomo huohuo, akauawa kwa risasi. Ndiyo maana leo huwezi kuitazama kama picha ya mgomo tu.

Ila "binadamu" si kosa kabisa, kwa kuwa "man" ya Kiingereza huweza pia kumaanisha mtu. Nembo ya Waingereza waliopinga utumwa, ya 1787, ilikuwa na mtu mweusi mwenye minyororo, amepiga magoti, akiuliza: je, mimi si mtu na ndugu? Wa Memphis wamesimama, na hawaulizi.