Pesa Imeingia, Lakini Ni ya Nani? Niliyojifunza Nikiuza Kadi za Zawadi Nikiwa Mbeya

Ukiuliza namna ya kuuza kadi za zawadi mtandaoni bila kutapeliwa, utajibiwa kwamba usiamini skrinishoti, angalia salio kwanza. Mimi niliangalia salio na pesa nikaikuta. Bado nilitapeliwa.

Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya ile ya kushinda na koti hata ndani. Nilikuwa najaza madodoso kwenye tovuti moja ya nje isiyolipa taslimu, inalipa kwa kadi ya zawadi ya Amazon, yaani namba ya siri yenye thamani ya kununulia vitu kwenye duka hilo la mtandaoni. Nilipofikisha kadi ya dola 50 nikaitangaza kwenye kundi la Telegram. Akaja mteja mmoja, hakubishana bei, tukaelewana shilingi 110,000. Akaomba namba yangu na jina litakalotokea kwenye M-Pesa. Nikampa, maana kila anayetaka kulipa huuliza hivyo.

Meseji ikaingia ikiwa na jina la mwanamke. Nikapiga *150*00#, salio limeongezeka kweli. Nikamuuliza mbona jina si lako? Akasema huyo ni dada yake, laini yake yeye inasumbua. Nikamtumia namba za siri za kadi.

Dakika 40 baadaye simu ikaita. "Baba, ile kodi ya mtoto nimeshatuma, umeiona?" Alikuwa mama mmoja wa Tukuyu anayeuza ndizi, mtoto wake anasoma chuo na amepanga chumba huku Iyunga. Siku hiyo alipata ile meseji tunayoijua wote: hela ya kodi tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Akapiga hatua zote, jina likaja kama alivyoambiwa, akabonyeza kukubali. Jina hilo lilikuwa langu.

Tapeli hakutoa hata shilingi. Mama alilipa, mimi nikatoa mzigo, yeye akaondoka na kadi. Nilimwamkia yule mama, nikamweleza yote, na sauti yake ilivyokatika siwezi kuisahau. Nilimrudishia pesa yake yote, kwenye namba ile ile iliyotuma. Kisha nikaenda kituo cha polisi na meseji zote nikaandikisha maelezo, kwa sababu namba iliyopokea fedha ya wizi ilikuwa yangu, na mtu wa kwanza kutafutwa ningekuwa mimi.

Tangu siku hiyo ninalo sharti moja nisilolegeza hata kwa mteja wa miaka: jina kwenye muamala liwe la mtu ninayezungumza naye. Si dada, si mke, si bosi wa ofisini. Kabla ya kumpa namba yangu ninampigia simu ya video, ananionyesha kitambulisho, na ninamwambia wazi kwamba jina hilo ndilo ninalolisubiri. Wengi hukata simu hapo hapo. Sijutii hata mmoja. Pesa ikija na jina jingine, siigusi na kadi siitoi. Ninapiga huduma kwa wateja wa mtandao husika, nawaeleza. Na mtu akisema "nimekosea, irudishe kwenye namba hii nyingine", hapo ujue mchezo ni ule ule umegeuzwa upande.

Mkulima wa viazi pale Uyole hapakii gunia kwenye fuso kabla hajahesabu hela, lakini hata akidhulumiwa, fuso ina namba na barabara ya kwenda Dar inajulikana. Namba ya siri ya kadi haina barabara. Ikishaonekana imetumika. Kwa hiyo usiipige picha, usitume "nusu tu" kama uthibitisho, na usiruhusu mtu akwangue kadi yako ili "aone kama ni nzima".

Mnunuzi naye ana hofu yake, na ni ya haki. Kadi ya Amazon huwezi kuona thamani yake bila kuiingiza kwenye akaunti, kwa hiyo lazima mmoja atangulie kumwamini mwenzake. Mimi huchukua kadi ndogo ndogo, dola 10 au 25, badala ya moja kubwa. Ananilipa ya kwanza, anaiingiza, tunaendelea na ya pili. Akiwa hapa mjini tunakutana Kabwe mchana, ananipa taslimu mkononi na anaiingiza kwenye simu yake tukiwa wote tumekaa. Hakuna njia salama kuliko hiyo.

Mwambie pia mapema kadi ni ya nchi gani. Ya Amazon ya Marekani haifanyi kazi kwenye Amazon ya Uingereza, na ya Apple iliyonunuliwa Marekani inataka akaunti ya Marekani. Ugomvi mwingi wa "umeniuzia kadi mbovu" huanzia hapo. Malipo ya PayPal kwa kadi siyapokei kabisa: mnunuzi anaweza kulalamika baadaye, na ulinzi wao kwa muuzaji hauhusu kadi za zawadi.

Kuna jambo vijana wenzangu hawapendi kulisikia. Masharti ya Amazon hayaruhusu kadi kuuzwa tena, kwa hiyo ukidhulumiwa usitarajie wakutetee. Ndiyo maana siku hizi kwanza natafuta ndugu au jirani anayetaka kuagiza kitu, nakinunua kwa kadi yangu, ananilipa. Na kadi ya mtu nisiyemjua siinunui ili niiuze, hata akiitoa kwa nusu bei. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikionya watu kwamba anayekulazimisha ulipe kwa kadi ya zawadi ni tapeli. Kadi wanazolipishwa watu kwa utapeli huo lazima zitafute soko, na soko lenyewe ni makundi haya haya tunayouzia.

Kama umeshaliwa, usifute chochote. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo, ijulishe kampuni iliyotoa kadi kabla haijatumika yote, nenda polisi, na ile namba ya tapeli itume kwenda 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mimi niliifanya hiyo ya mwisho nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la kituo.