Maswali yenu kuhusu kuchora kwa kukwaruza

Toleo lililopita nilieleza namna ya kuchora kwa kukwaruza. Unapaka kalamu za nta za rangi mbalimbali kwenye karatasi ngumu, unazifunika zote kwa rangi nyeusi, na ikishakauka unakwaruza kwa kitu chenye ncha hadi rangi za chini zijitokeze. Niliwaomba msichore nyumba wala maua, mchore mistari na maumbo tu, yaani sanaa dhahania. Maswali yamekuja mengi kutoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, nami nimechukua yale yanayowasumbua wengi.

Rangi nyeusi haishiki kabisa. Nikipaka inajikusanya matone matone kama maji kwenye jani la mgomba. Watoto wameshakata tamaa. (Mama wa watoto watatu, Nkuhungu)

Pole, mama. Nta haipatani na maji, na rangi za maji wanazotumia watoto wa shule ni maji kwa sehemu kubwa. Mpatanishi wao unaye tayari jikoni: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tia matone mawili au matatu kwa kila kijiko cha rangi, koroga polepole bila kutoa povu. Povu likipasuka juu ya karatasi huacha vitobo, na kila kitobo kitaonekana.

Kama bado inateleza, chukua kitambaa kikavu chenye poda ya watoto kidogo, sugua juu ya nta, kisha pangusa inayobaki. Rangi itapata pa kushika. Paka mkono wa kwanza kwa mlalo, subiri ukauke, halafu mkono wa pili kwa wima. Mkono mmoja mzito haufanyi kazi ya miwili myepesi.

Angalia pia nta yenyewe. Watoto wana haraka, hupaka juujuu na kuacha weupe wa karatasi ukichungulia. Pale penye uwazi, rangi nyeusi hunywewa na karatasi, na ukikwaruza hapo unachana karatasi badala ya kufungua rangi. Wabonyeze kalamu mpaka karatasi ing'ae na ukigusa kwa kidole usikie utelezi.

Nina wanafunzi 80 darasani na hakuna fungu la sanaa. Boksi moja la kalamu za nta haliwatoshi hata wa madawati mawili. (Mwalimu wa shule ya msingi, Kongwa)

Mwalimu, barua yako nimeisoma kwa uchungu, maana sanaa ndiyo huwa ya kwanza kukosa fungu na ya mwisho kukumbukwa. Lakini hii inawezekana bila hata kalamu moja ya nta.

Kusanya kalenda za mwaka uliopita, zile za ukutani zenye picha kubwa za rangi. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Mtoto hahitaji zaidi ya hapo, na kipande kidogo anakimaliza kabla ya kengele. Kila mtoto asugue mshumaa mweupe juu ya kipande chake, kwa nguvu, kote. Nta ya mshumaa haina rangi, kwa hiyo picha ya kalenda itaonekana chini yake. Chagua sehemu zenye rangi kali, kama anga, nguo au matunda, na ziache sehemu zenye maandishi.

Weusi unao pia. Kwangua masizi chini ya masufuria ya kuni, uyachekeche kwa kitambaa, uchanganye na uji mwepesi sana wa ngano pamoja na sabuni ya maji. Masizi peke yake huelea juu ya maji, hayakubali kulowa. Sabuni ndiyo inayoyalainisha. Jaribu kwanza kipande kimoja. Mchanganyiko ukikauka na kubaki unga unaopakaa vidoleni, ongeza uji kidogo. Kukwangua na kuchekecha ufanye mwenyewe, nje, ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni, na siku hiyo waambie watoto waje na fulana kuukuu. Masizi kwenye shati jeupe la shule ni ugomvi na mzazi.

Rangi yangu ikikauka inapasuka na kubanduka yenyewe kabla sijakwaruza. (Kijana, Chang'ombe)

Hapa kwetu kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu hakuna, hewa ni kavu na upepo haukosi. Rangi nene ikianikwa juani hukauka juu kabla ya chini, ikajikunja na kupasuka. Paka nyembamba, uiache ndani kivulini, mbali na dirisha la upande wa upepo, maana vumbi likinasa kwenye rangi mbichi huwezi kulitoa. Kisha usiiweke wiki nzima. Ikishakauka vizuri, kaa uchore.

Kama unatumia rangi ya akriliki, usizidishe unene wala usiongeze gundi. Hujifanya ngozi, na ukikwaruza mstari mmoja unavua kipande kizima.

Umesema tusichore vitu. Nimejaribu, nikakwaruza huku na huku, mwisho nimepata fujo. Nitajuaje kwamba nimechora dhahania na si kwamba sijui kuchora? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM)

Mdogo wangu, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja kuliko yote.

Fujo mara nyingi inatokana na kukwaruza kupita kiasi. Mtu akiona rangi nzuri imejitokeza anataka nyingine, na nyingine, mpaka karatasi yote imefunguka na hakuna mstari unaosimama. Katika kuchora kwa penseli unaongeza giza juu ya mwanga. Huku ni kinyume: unaanza na giza tupu na kila mkwaruzo unaingiza mwanga. Paul Klee, mchoraji aliyezaliwa Uswisi, alianza mwaka 1905 kuchora kwa sindano juu ya kioo alichokipaka rangi nyeusi, na mstari ukawa ndiyo nuru yenyewe. Kwa hiyo weusi unaobaki ni nusu ya kazi yako. Mimi napenda angalau nusu ya karatasi ibaki imefungwa, na nawashauri wanaoanza waache hata zaidi.

Halafu, dhahania haimaanishi bila chanzo. Nenda kaangalie kitu, kisha uchukue mistari yake tu na kitu chenyewe ukiache. Gome la mbuyu mkubwa lina mikunjo inayoshuka, inagongana na kukwepana. Miamba ya kilima cha Mlimwa ina nyufa zinazokwenda moja kwa moja halafu ghafla zinageuka. Mashamba ya zabibu ya Hombolo ukiyatazama kutoka kichwani mwa safu, mistari inaanza mbali mbali na inasogeleana kadiri inavyokwenda. Chagua kimoja. Jiulize mistari yake inakwenda kasi au polepole, inabanana wapi na inaachana wapi. Hiyo ndiyo uchore.

Ukikaa chini, jiwekee sharti moja kabla ya kuanza: kwa mfano, mistari yote itoke kona moja, au kusiwe na mistari miwili ya unene sawa. Sharti linaufanya mkono ufikiri. Na ukitaka sehemu ing'ae zaidi usiikwangue yote. Piga mistari myembamba iliyosongamana, halafu juu yake mingine inayoikata. Jicho litaona mwanga mkali, na weusi wa katikati utaipa rangi uhai.

Kujua kama imefanikiwa, geuza karatasi juu chini. Kazi iliyopangika itasimama hata hivyo, na isiyopangika itakuonyesha palipozidi.

Shikamoo kwa pamoja. Wajukuu wangu wamependa mchezo huu. Je, wale wa kale wa Kolo, waliochora kwenye miamba ya huku kwetu, nao walikwaruza? Nataka niwapeleke, na tukijaribu wenyewe kwenye jiwe lolote la huko? (Mzee, Kondoa)

Marahaba kwa niaba ya vijana, nami nakuamkia: shikamoo mzee wangu. Michoro ya Kolo haikukwaruzwa, ilipakwa. Ile ya kale zaidi ni ya rangi nyekundu, yenye watu warefu wembamba na wanyama. Ile myeupe ilikuja baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Eneo lina zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro.

Wapeleke wajukuu, nakuomba sana wapeleke. Lakini jiwe lolote la huko lisiguswe, hata lile linaloonekana tupu, kwa sababu michoro mingine imefifia kiasi kwamba jicho lisilozoea halioni. Wala msimwage maji ili rangi ing'ae. Kumwagia maji kumeharibu michoro mingi. Wakae mbele ya mwamba, watazame, na warudi nyumbani wakakwaruze karatasi zao.

Nikwaruze kwa kitu gani? Na nikikosea mstari? (Dada, Mpwapwa)

Kijiti cha mshikaki kwa mistari ya kawaida, sindano kwa myembamba, chanuo kwa mistari mingi sambamba, kadi ya simu iliyokwisha kwa maeneo mapana. Msumari unachana nta yote, uache. Mstari uliokosewa unaweza kuupaka weusi tena, ila kiraka kitaonekana kwa mwanga wa pembeni. Mimi nauongezea mwingine wa kuusindikiza.

Nataka kuuza kazi zangu. Nizihifadhije zisipakae? (Fundi wa fremu, Majengo)

Usipake vanishi ya maji kwa brashi, itaondoka na weusi. Tumia ya kupuliza, ukiwa mbali kidogo, mara mbili nyembamba. Kwenye fremu, weka kipande cha kadi pembeni ili kioo kisigusane na nta, la sivyo itanata humo siku ya joto. Na mwambie mnunuzi asiitundike panapopigwa na jua la mchana.